Nywele za Lisette na Ramani Isiyochorwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Lisette, fundi cherehani wa mtaa wa Kanyosha. Ametutoka akiwa na miaka thelathini na minne. Lisette alikuwa na kifafa.

Kwa miaka tisa alimeza dawa ileile, na kwa miaka tisa aliendelea kuanguka. Alipoanguka, watu walikimbia povu la mdomoni mwake. Jirani yake Gaspard, seremala, hakukimbia. Alimlaza ubavu, akamwekea koti lake chini ya kichwa, akangoja naye hadi azinduke.

Mwaka huu daktari alimpa tumaini. Kuna mashine inayochora ramani ya ubongo. Inaonyesha kifafa kinaanzia wapi, na daktari huchagua dawa kwa kuona, si kwa kubahatisha. Lisette akapewa tarehe na karatasi.

Siku moja kabla ya tarehe hiyo, dada yake, Amélie, alimsuka siku nzima. Rasta nyembamba, zimekazwa, zinang'aa mafuta.

"Kwa munganga mutu anaenda amependeza," alisema. "Ile mashine ikikuona, itakuposa!"

Lisette alicheka mpaka akaiacha nguo aliyokuwa akishona kwa mkono.

Kesho yake hospitalini, fundi wa mashine alimtazama, akashika kiuno.

"Mama, hizi waya zinabandikwa kwenye ngozi ya kichwa. Na haya mafuta yote?"

"Tutafumua hapa hapa!" Amélie alisihi.

"Apana. Wengine wanangoja. Mulipaswa kusoma karatasi."

Kweli, iliandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwa Kifaransa: nywele zifumuliwe, zioshwe, zisipakwe mafuta. Lisette hakujua Kifaransa. Na hakuna aliyefungua mdomo kumwambia. Tarehe mpya: baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu, wasikilizaji wapendwa! Kwa ajili ya nywele!

Lisette hakusuka tena. Amélie alipochukua chanuo, alimwambia, "Acha, dada. Safari hii hawatanirudisha."

Zilibaki siku kumi tarehe mpya ifike. Alianguka akifua nguo mtoni, kwenye maji yasiyofika magotini. Gaspard alifika mbio, koti mkononi. Alikuwa amechelewa.

Siku ya mazishi wanawake walikuja na nyuzi wamsuke. Amélie akawazuia.

"Mumuache hivyo. Alikuwa tayari."

Pole, Amélie. Hukukosa, ulimpenda dada yako kwa mikono yako. Pole, Gaspard, na asante kwa koti lako. Mungu ampumzishe Lisette.

Nanyi mnaotoa tarehe za vipimo, tafakarini. Mwambieni mgonjwa kwa lugha yake: njoo na nywele zilizofumuliwa. Neno hilo halimalizi hata dakika moja. Lisette hakuambiwa.