Mwalimu Apolonia na Shati la Miguuni

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Apolonia Chilumba anakabidhi filimbi na ufunguo wa stoo, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha darasa la awali. Alianzia Likawage, ambako siku ya kwanza alihesabu watoto ishirini na sita wakati daftari lilisema ishirini na tano. Wa ziada alikuwa na miaka miwili, amemfuata dada yake. Mwalimu alimwandikisha. Mtoto huyo alisoma darasa la awali miaka minne mfululizo bila kufeli hata mara moja.

Hapa Tingi tutamkumbuka zaidi kwa masika yale yaliyobomoa nyumba, familia kumi na moja zikahamia kwenye madarasa yetu mawili. Miongoni mwao alikuwamo Natalia, anayelea peke yake, na mwanawe Tomaso wa miaka minne. Baada ya kupoteza nyumba, Natalia hakutaka kupoteza kitu kingine. Alimbeba Tomaso mgongoni kutwa nzima, ingawa miguu ya mtoto ilishafika magotini kwa mama. Alimlisha, akamvisha, akamfuta kamasi hata zisipokuwepo. Kiwanja chake kikabaki tope tupu, maana huwezi kufyatua matofali huku umebeba mtu.

Mwalimu Apolonia akawapa watoto wote kazi: kukunja mkeka, kunawa, kuvaa. Natalia alikuja juu.

"Mwalimu, hata nyumba hana, nimnyime na mama?"

"Humnyimi, mama Tomaso. Kaa hapo umwangalie. Mikono tu ndiyo uikalie."

Natalia akaikalia kweli. Kifungo kimoja kilimchukua Tomaso muda wa uji kupoa, foleni nzima ya watoto ikimsubiri.

Asubuhi waliyokuja wageni kutoka wilayani, Tomaso alitoka darasani amevaa shati miguuni, kila mguu ndani ya mkono wa shati, tundu la kola likipitisha upepo kwa nyuma. Kaptula ilikuwa kichwani. Natalia akaruka. Mwalimu akamdaka kitenge.

"Mwache. Amevaa."

Tomaso akamfuata mgeni mkubwa kuliko wote. "Shikamoo. Nimevaa mwenyewe!"

Mgeni akaitikia marahaba kwa heshima zote, huku akiuma midomo. Natalia alicheka mpaka akakaa chini, akalia kidogo, kisha akacheka tena.

Wiki iliyofuata alikwenda kiwanjani kwake na jembe, Tomaso akitembea pembeni kwa miguu yake. Kufikia Septemba wakahamia kwenye vyumba viwili vya matofali aliyoyafyatua mama mtu. Tofali moja karibu na mlango lina alama ya makalio madogo. Fundi alitaka kulitupa, Natalia akakataa katakata.

Mwalimu Apolonia, asante kwa uvumilivu wako, hasa kwetu sisi wakubwa. Nenda Rutamba ukalime ufuta wako, uvune vizuri, afya isikutupe mkono. Na ukilala hadi saa tatu asubuhi, lala kwa raha zako: hakuna atakayekuamsha kukuonyesha jino linalocheza.