Pindo la Bango

Sogeeni wanangu, mnisikilize, maana sauti iliyobaki ni hii. Wewe binti yangu kaa huku kushoto, na wewe kaka mtu kaa kulia. Miaka kumi na tisa hamjakaa chumba kimoja, na kosa ni langu.

Tangu asubuhi naiona machoni pangu barabara ile ya siku ya maandamano, vitambaa vinaelea juu kama nguo zilizoanikwa, na vijana wanapita chini yake kimya, ingawa siku ile walipiga kelele hadi vioo vya duka langu vikatikisika. Siku hiyo anakuja yule mkubwa wa nchi ya nje, aliyeyatamani machimbo yetu, nami serikali imenipa kazi ya kumshonea bendera zake mia mbili. Kumbe wewe binti yangu, kwa cherehani hiyohiyo, umewashonea wenzako bango: MGENI RUDI KWENU, ARDHI HAIUZWI. Sikujua. Kesho yake akaingia dukani ofisa mmoja mpole wa usalama, bango kwapani, akalitandaza mezani, akauliza, "Fundi, mkono huu ni wa nani?"

Mdomo huponza kichwa, ila wangu uliponza kichwa cha mwanangu. Nililipapasa lile pindo, mshono mwembamba, umenyooka, kona zimekunjwa mara mbili, nikajaa fahari, nikasema kabla sijafikiri, "Wa binti yangu huo, nimemfundisha mwenyewe!" Akanishukuru. Jioni wakakuchukua. Ulipotoka kifungoni baada ya miaka mitatu ukasema aliyekutaja ni kaka yako, kwa kuwa alikuwa karani ofisini kwao, nami nikanyamaza. Niliona haya, wanangu. Yeye akabeba lawama yangu, na kila Ijumaa akaniletea chakula, nikala.

Basi shikeni haya. Cherehani ni ya binti. Nyumba ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Nizikeni mapema, bila makuu. Usiponisamehe, mama, nitakwenda hivyohivyo, nimestahili. Lakini huyu kaka yako hakukutendea neno, na mimi sitaki kuondoka nikiwaacha mmepeana visogo.

Mpe mkono, nione. Macho yanaingia ukungu... ile barabara imerudi, nyeupe yote... Mungu awape umri, awape radhi, na radhi zangu mnazo, nyote... nyote wawili...

Hapana, mwanangu. Huo ni mkono wangu. Mshike yeye.