Mgonjwa Ajibu Mwenyewe

Tumsifu Yesu Kristo, akina mama. Hayo makofi yawekeni kwanza. Ninayosema leo yana uchungu, na mengine yanawahusu ninyi.

Mpaka wa Tarakea ulipofungwa, mume wangu alikuwa upande wa Kenya na biashara zake. Akabaki hukohuko. Mwaka wa pili nikasikia ana mke mwingine na mtoto. Ndugu zangu, nawaambia, sikulia. Kahawa iliiva ikadondoka, mimi nimekaa jikoni naangalia majivu. Usingizi hakuna, chakula hakishuki. Mama mkwe akasema ni uvivu. Ninyi mkasema nizidishe rozari. Nilisali mpaka magoti yakachubuka, na bado nilitaka kufa.

Nilipokonda sana, mama mkwe akanipeleka hospitali, Moshi mjini. Nesi mmoja akatoa karatasi. "Maswali haya yametafsiriwa kutoka Kiingereza," akasema. "Tunawauliza wagonjwa ili tuone kama kwa Kiswahili yanamtambua kweli mtu anayetaka kujiua."

Sasa kwetu mnakujua. Mgonjwa akipelekwa hospitali, anayejibu ni mkubwa aliyemleta. Mimi nimeinamisha kichwa, mama mkwe anajibu.

"Anajiona hana thamani?"

"Hapana. Kwetu anaheshimiwa."

"Amewahi kufikiria kujiua?"

"Ati nini! Katika ukoo wetu? Andika hapana."

"Siku hizi amekuwa akigawa vitu vyake?"

"Ndiyo," akasema, tena kwa maringo. "Ana moyo wa kutoa huyu."

Nesi alikuwa binti mdogo. Angemnyamazishaje mtu mzima ambaye ametoka kumwamkia shikamoo? Akaandika yote. Tukarudi nyumbani, karatasi inasema sina shida, na mimi siku nimeshaichagua.

Baada ya wiki mbili nesi yule akapanda mpaka nyumbani kwetu, kihambani, kwenye migomba na kahawa. Kumbe karatasi ya namna hiyo ikijaribiwa, maswali huulizwa mara mbili, waone kama majibu yanafanana. Mama mkwe akamjia juu. "Si nilishakujibu?"

"Ndiyo mama, ulinijibu wewe," nesi akasema. "Leo nataka majibu yake. Naomba utuache kidogo."

Mama mkwe akatoka anasonya. Nesi akaniuliza lile swali la kujiua, akanyamaza, akaningoja. Jamani, alingoja! Nikamwambia ndiyo. Nikamtajia na siku: Jumapili ile, ninyi wote mkiwa kanisani.

Aliweka karatasi chini, akanishika mkono, hakuuachia mpaka tukafika hospitali. Nililazwa. Nikapewa dawa, nikazungumza na watu wasioniita mvivu. Haikuwa kazi ya siku moja, ilichukua miezi. Nilipopata nafuu wakaniita niwaambie karatasi ina kasoro gani. Nikawaambia Kiswahili chake kinaeleweka, hakina neno. Ila andikeni juu kabisa: mgonjwa ajibu mwenyewe, akiwa peke yake. Wakaandika.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi yule, aliyethubutu kumtoa mkubwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Namshukuru dada yangu, aliyenirudishia kanga niliyomgawia. Ndiyo hii nimejifunga.

Wengine bado siwezi kuwashukuru, mnisamehe. Maana vitu vyangu nilivigawa hapahapa. Mmoja wenu alichukua mbuzi, mwingine jembe, mwingine sufuria yangu kubwa. Mlisema asante, Mungu akuzidishie. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Wewe, kesho utapikia nini?"

Sufuria baki nayo, mwenzangu, sikudai. Lakini siku jirani akija kukugawia chake, kabla hujasema asante, mvute pembeni, umwulize anataka kwenda wapi. Na ukishamwuliza, funga mdomo, umwache ajibu.