Mtoto Asiyelia: Maneno ya Kumuaga Sista Anastazia

Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu, wazee wetu, shikamooni. Watumishi wenzangu, akina mama mliokuja na watoto, na ninyi ndugu wageni waalikwa mliotoka Kilosa mjini na hapa Mikumi: kabla sijasema lolote nawasihi, maneno yangu yaishie ndani ya ukumbi huu. Mtu asiyapeleke sokoni, asiyaweke kwenye kundi la WhatsApp, na zaidi ya yote yasifike Kimamba, maana yatamuumiza mama aliyenitendea mema.

Mimi ni Yusrah, karani wa dirisha la mapokezi. Nimeombwa kumuaga mkunga wetu, Sista Anastazia, anayestaafu leo. Lakini nimesimama hapa nikiwa na kichanga nyumbani.

Nilipojifungua, mama mkwe wangu alitoka Kimamba kuja kunitunza. Alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia uji wa pilipili manga, hakuniacha niguse hata sufuria. Nani kati yenu asingemshukuru? Na kwa kuwa maziwa yangu yalikuwa hayajajaa, alimpa mtoto maji ya uvuguvugu yenye sukari, kama alivyowapa wanawe wote. Mtoto akanyamaza, akalala. Wageni wakaja kumtazama, wakasema, "Jamani, huyu ana adabu, halii." Nami ninayekaa kila siku chini ya bango la maziwa ya mama pekee, nikajivuna.

Sista Anastazia alipokuja kutujulia hali, aliuliza mtoto amekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Hakuna kati yetu aliyekuwa amehesabu. Akamvua nguo zote, akamweka kwenye mizani. Kliniki alikuwa ametufundisha kwamba kichanga hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia uzito wake. Wangu alikuwa amepungua kupita hapo. Adabu ile, ndugu zangu, ilikuwa kukosa nguvu ya kulia.

Alitupeleka kituoni, daktari akamchunguza, kisha Sista akaketi nasi wodini. Mama mkwe akamwambia, "Sista, mimi nimelea saba kwa maji haya haya. Wewe wangapi?"

"Wawili tu, mama. Ndiyo maana nataka unisaidie. Maji mpe huyu anayenyonyesha. Tumbo la huyu mdogo likijaa maji, maziwa yatakaa wapi?"

"Na akinililia?"

"Akilia tushukuru, tumlete kwenye ziwa."

"Haya," akasema mama, "wenye vyeti mmeshinda." Akacheka, akaja akanishika mgongo, huku Sista akinionyesha mdomo wa mtoto uliofunguka vizuri, na kidevu kinachogusa ziwa. Maziwa mengine tukayakamua kwenye kikombe, mama akamnywesha mjukuu wake kwa kijiko, polepole, mkono wake ukiwa imara kuliko wangu.

Sasa Sista anakwenda kwao Lumuma. Jana mtoto alipimwa: amepanda, lakini uzito wa kuzaliwa bado hajaufikia. Usiku alipolia, niliona mkono wa mama ukienda kwenye chupa ya maji, kisha akanitazama, akaurudisha. Je, leo ataurudisha, nami nikiwa hapa nahutubia? Na mama asiye na mtu wa kumtazama atafanyaje? Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi, kile kiti kilicho mlangoni mwa wodi ya wazazi, alipokuwa akiketi Sista na kila mama mpya, nawaomba kesho kisikae kitupu.

Sista, umetufundisha bila kumwaibisha mtu. Nenda salama, mama yetu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia.

Na atakayekubali kuja kwangu kunitazamia mtoto nisipokuwepo, mimi nakaa nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Usipige simu, mara nyingi mama ndiye anayepokea; nitumie ujumbe. Ukifika, mwamkie yeye kwanza, kaa naye, sifia uji wake, maana ni mzuri kweli. Ukimsikia mtoto analia tangu barabarani, tembea taratibu. Ukikuta kimya, usingoje kuitikiwa hodi. Ingia.