Pumzi ya Mama Kwenye Faili Ndogo

"Samahani, kaka, wewe ni mtu wa redio?" fundi cherehani alimuuliza jirani yake wa kiti, kwa sababu jirani huyo alikuwa na hedifoni kubwa shingoni na hakuonekana mtu wa kung'ata. Treni ilikuwa inakaribia kituo atakachoshuka fundi cherehani.

"Fundi mitambo, dada. Sema tu."

Akamweleza. Simu yake ilijaa, akazipunguza rekodi za sauti ya marehemu mama yake ziwe faili ndogo, akazifuta zile kubwa. Sasa dada yake mkubwa anamsubiri stesheni azisikilize kwa mara ya kwanza tangu msiba, naye anaogopa huenda kuna kitu kimepotea.

"Ondoa shaka. Kazini tuliwapima hata wanaojidai wana masikio ya popo, watofautishe faili kubwa na ndogo, wakaishia kubahatisha. Kinachoondolewa ni kile ambacho sikio halikisikii."

"Nani alimuuliza dada yangu asichokisikia? Mama alikuwa anavuta pumzi kidogo kabla ya kutaja jina lake. Tulikuwa tunamwigiza, tunacheka mpaka tunafukuzwa jikoni."

Fundi mitambo akaichomeka hedifoni kwenye simu, akafumba macho. "Sauti safi kabisa," alisema.

"Na pumzi?"

Akairudia. Akairudia tena, na mzaha ukamtoka usoni. "Wewe unaisikia?"

"Naisikia. Au naikumbuka, hata sijui."

Treni ikasimama. Dada mkubwa alikuwa mlangoni mwa behewa tayari, na kabla ya salamu alikwisha kusogeza mtandio nyuma ya sikio, mkono ameunyoosha kuipokea simu.