Makumbi Aliyoyafukia Mambrui: Maisha ya Dkt. Pamela Nyevu Mwaringa

Wapendwa waombolezaji, anayewasomea ni Kahindi Mwaringa, kaka mkubwa wa marehemu. Familia ilitaka haya yasomwe na mchungaji. Nilikataa, kwa sababu humu mna jambo linalonihusu, na nataka mlisikie kwa kinywa changu.

Dada yetu Pamela Nyevu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa Kakuyuni, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mwaringa na mama yetu Kache. Akiwa na miaka minane aliungua mkono wa kushoto akipuliza moto wa makumbi ya nazi jikoni. Alifungwa kitambaa, kikanata kwenye kidonda, na kila kilipobanduliwa alilia mpaka majirani wakaja. Kovu lile alikuwa nalo hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi hapa Kakuyuni hadi 1993, kisha sekondari mjini Malindi, alikomaliza 1997. Alisomea kemia Nairobi na kupata shahada ya uzamivu mwaka 2014. Watu wa hapa waliposikia ni daktari, wakaanza kumletea watoto wenye homa. Aliwapikia chai, kisha akawasindikiza zahanati.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na Mwalimu Karisa Kiponda wa Jilore, wakajaliwa watoto wawili. Mwalimu husema sebuleni mwao hamkukosa ndoo ya makumbi, naye hakuthubutu kuuliza itakaa hadi lini.

Tangu 2008 alifundisha chuo kikuu mjini Kilifi, na utafiti wake ulikuwa wa makumbi hayohayo. Aliyachambua mpaka yakabaki nyuzi zisizoonekana kwa macho, maelfu yake ndiyo yatimize unene wa unywele mmoja. Zikiwa majini zilifanana na uji mwepesi. Zikikaushwa zilikuwa utando laini wa kufunika vidonda vya moto, utando usionata. Mimi nilimtania: "Nyevu, miaka yote hiyo ya shule, warudi kwa makumbi?" Alicheka tu.

Mwanzoni nyuzi zilimkatikakatikia kwa ukali wa dawa za kuyachemshia makumbi. Aliyemwokoa ni Bi Sheikha, msuka kamba wa Mambrui. "Mwanangu, wayachemsha mabichi, wayaonea," alimwambia. "Yafukie kwenye tope la pwani miezi kumi, tope likufanyie kazi." Marehemu aliacha maabara akaenda kuchimba shimo, na tangu siku hiyo alitumia dawa kidogo mno.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Julai mwaka huu alikuja kupumzika hapa kwa mama, na magunia manne ya makumbi yaliyokwisha kufukuliwa na kukaushwa. Yalikuwa ya jaribio la mwisho kabla ya kuomba ruhusa ya kuupima utando ule kwa wagonjwa, na ilibidi yote yatoke shimo moja. Aliyaweka uani. Alitueleza kwamba ni ya kazi. Mimi nilisikia nusu.

Jumapili, tarehe 17 Agosti, watu wa kanisa walikuja kumjulia hali, kama sitini hivi. Kuni zilikuwa zimenyeshewa. Mimi ndiye niliyewaambia wapishi wachukue magunia ya uani. Moshi ulinuka tope. Aliusikia akiwa kitandani, akaniita.

"Kaka, mnapikia nini?"

"Makumbi yale ya uani."

Aligeukia ukutani. Kisha akauliza, "Wali umeiva?"

"Umeiva."

"Basi wapakulieni wageni."

Nilimwona akihesabu miezi kumi mingine kwa vidole, akaachia njiani. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Malindi. Jaribio halikufanyika. Ninajuta, na sitaacha kujuta.

Ameacha mume wake, Mwalimu Karisa. Watoto wao, Kadzo na Kiponda. Mama yetu Kache. Sisi ndugu zake wanne. Na wanafunzi ambao wengine wako hapa na sare zao nyeupe za maabara.

Chakula mtakachokula leo kimepikwa kwa kuni za mwarobaini. Nazi zilizokunwa ni mia mbili na kumi. Makumbi yote ya nazi hizo tuliyafukia jana Mambrui, mimi na Kadzo, katika shimo la mama yake, Bi Sheikha akituelekeza kutoka ukingoni. Kadzo yuko mwaka wa pili chuo kikuu, naye anasoma kemia. Ameandika tarehe ya kuyafukua: 14 Septemba 2026. Nimemwomba niyabebe mimi, na nimemwahidi kwamba safari hii nitasikiliza hadi mwisho.

Mungu ampumzishe Nyevu kwa amani, mahali pasipofika moshi.