Kibanda cha Nyungunyungu ni cha Mutanu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Wambua zima hiyo redio, kwa maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana na mtangazaji. Mimi mama yenu sitalia, wala sitaki mtu alie. Aliyekula chumvi nyingi hashangai kiu ikimjia.

Shamba la juu ni la Musembi, la chini linalopakana na mto ni la Wambua. Hayo marehemu baba yenu aliyasema mbele ya wazee wa ukoo, na sina la kuongeza. Neno langu ni juu ya kile kibanda cha nyungunyungu nyuma ya jiko, kwa sababu najua nikishafunikwa mtakigombania kabla chai ya matanga haijapoa.

Mlicheka nilipowaleta wale wadudu ndani ya karai kutoka kwa akina mama wa kikundi cha Muthetheni. Wambua, ulisema, "Mama anafuga minyoo, mwakani atakamua kunguni," nami nikakujibu kwamba kunguni nitawakamua siku utakapoleta godoro lako kutoka Athi River. Nikawatia kwenye sanduku la mbao, nikawalisha maganda ya ndizi, majani ya chai na sukuma wiki iliyonyauka, nikawafunika kwa gunia bichi, nikaisimamisha miguu ya sanduku ndani ya mikebe ya maji ili siafu wasipande. Na mvua ilipokatika mapema, mahindi ya majirani yakakauka yakiwa ya magotini, yetu yaliyotiwa mbolea yao yakabeba. Tangu hapo kila mtu akasema "nyungunyungu wetu".

Musembi, usiinamishe kichwa. Ulipowanywesha mbuzi dawa ya minyoo, kisha ukamwaga samadi yao sandukuni, hukukusudia ubaya. Nani angefikiri kwamba dawa inayomponya mbuzi humtoka kwa nyuma ikaenda kuua? Nyungunyungu walikufa wote, wakanuka. Kilichobaki moyoni mwangu ni lile ulilosema uani, kwamba wameuawa na mkosi wa mwanamke aliyeachika akarudi kwao. Dada yako Mutanu alikusikia. Alileta tu beseni lililokuwa chini ya kitanda chake, lenye wachache aliokuwa akiwajaribu kwa maganda ya kahawa, akaanza upya. Wote walio kibandani leo ni uzao wa beseni lile.

Basi kibanda ni cha Mutanu, na kibanda hakielei hewani. Ardhi yote kuanzia jikoni hadi kwenye tuta la kwanza ni yake, ajenge hapo, amlelee mwanawe hapo. Mtasema binti aliyetolewa mbuzi wa mahari hana fungu kwao. Mbuzi wale tuliwarudisha, Musembi, na wewe ndiwe uliyewaswaga hadi kwa waliomwoa, Katelembo, wakapokelewa mbele ya wazee. Mbuzi wakisharudi, binti naye amerudi. Si mgeni, si mpangaji, ni mtoto wa nyumba hii kama wewe. Akitaka kukupa mbolea atakupa, na wewe utaomba kama watu wanavyoomba.

Nipeni maji kidogo... Yatosha.

Machipukizi ya mkonge yako kando ya zizi. Musembi, chukua jembe, uyapande mpakani wewe mwenyewe, si Wambua, si kibarua. Mkonge ulioupanda kwa mkono wako utaona haya kuung'oa. Yapande sasa, nikiwa bado nauona mlango. Wambua, nenda naye. Mutanu, niinue... nishike mgongo.

Nawatemea mate ya baraka, wanangu. Mvua iwajue mlipo. Udongo usiwachoke. Mungu awape... awape watoto wa kuwafunika, nanyi msife mkiwa mmenuniana.

Musembi! Hapo umekaribia jiko mno. Sogea... Sogea tena, mwanangu, ana nyumba ya kujenga huyu...

Bado.

Hapo. Chimba.